Uzi: Natengeneza na kugawa mkusanyiko wangu wa mashine za zamani za gemu, Nairobi

Mwenye uzi

Wadau, habari zenu popote mlipo.

Natoa mkusanyiko wangu wote wa mashine za zamani za gemu, nyingine bure, nyingine kwa kulipiwa. Zimejaza chumba kizima hapa Umoja: zile nakala za Kichina za Famicom ya Nintendo zenye kaseti za njano, Mega Drive, Super Nintendo, PlayStation ya kwanza, PS2 nene na nyembamba, Dreamcast, Xbox ya kwanza, Xbox 360, pamoja na rundo la Game Boy na Game Gear. Nyingi zilitoka kwenye vibanda vya gemu vilivyofungwa Kayole na Dandora. Nyingine niliziokoa Gikomba, na kwa mafundi wa Ngara waliokuwa wakizing'oa vipuri.

Hakuna itakayotoka mlangoni kabla sijaifungua, kuisafisha na kuijaribu. Na kile ninachokiona ndani ndicho kimenifanya nianzishe uzi huu. Zilizokaa kabatini zimeoza kuliko zilizochezewa na watoto wa ploti kila wikendi. Mashine ya kibandani ina vumbi, ina mayai ya mende, pedi zake zimelika, lakini ukiisafisha inawaka. Ile iliyofungwa kwenye nailoni na kuwekwa juu ya kabati na mwenyewe akasema "naitunza" ina betri zilizovuja na vituo vya betri vilivyoota kutu ya kijani. Tunadhani kuhifadhi ni kuficha. Kwa vitu hivi kuhifadhi ni kuvitumia, na anayemiliki kumi bila kuzigusa anaziua kumi. Ndiyo maana zangu naziachia.

Nianze na adapta, kwa sababu hapo ndipo mashine nyingi zinapouawa na watu wenye nia njema.

Mtu ananunua mashine mtumba bila adapta, anakwenda dukani, anapewa yoyote ambayo ncha yake inaingia. Kuingia si kukubaliana. NES ya Nintendo huja na adapta inayotoa volti 9 za mkondo geu, AC, kisha ndani ya mashine kuna daraja la dayodi linaloubadilisha kuwa DC, mkondo wa upande mmoja. Kwa hiyo NES inavumilia mengi. Famicom yenyewe ya Kijapani, iliyotoka 1983, haina huruma hiyo: inataka DC, hasi katikati ya ncha. Ukiipa adapta ya NES umeichoma. Mega Drive ya kwanza nayo ni DC, hasi katikati. Mega Drive ya pili imegeuzwa, chanya katikati, na ncha yake ni ya aina nyingine. Super Nintendo ya Ulaya inatumia AC ya volti 9, ya Marekani inatumia DC ya volti 10. Mashine mbili zenye jina moja, chakula tofauti.

Soma kibandiko cha chini ya mashine, usome na cha adapta. Angalia volti, angalia kama ni AC au DC, angalia ule mchoro mdogo wa duara unaoonyesha chanya kiko ndani au nje, na hakikisha ampea za adapta hazipungui zile mashine inazohitaji. Ampea zikizidi hakuna shida. Kama kibandiko kimefutika, usikisie. Pima kwa multimita au tafuta namba ya modeli kwenye intaneti.

Halafu kuna suala la nchi. Stima yetu ni volti 240, na vitu vya Uingereza vinaingia hata kwenye soketi zetu bila kubadilisha plagi, kwa hiyo mitumba ya Uingereza haina matata. Ndugu akikuletea mashine kutoka Marekani, adapta yake ya zamani imetengenezewa volti 120. Kuichomeka kwa kigeuza plagi tu ni kuiunguza, maana kigeuza plagi hakishushi volti. Nunua transfoma ya kushusha.

Kesho nitaandika kuhusu PlayStation. Maswali karibuni.

Mzee wa Buruburu

Kijana, asante kwa hili la adapta. Nina Super Nintendo aliyoniletea mdogo wangu kutoka Marekani miaka ya tisini, haijawashwa tangu watoto waondoke. Nikiweka transfoma itacheza kaseti za hapa?

Mwenye uzi

Shikamoo mzee. Transfoma itaiwasha, lakini kaseti za hapa, zile za Ulaya, hazitaingia. Kaseti za Marekani zina umbo lake, za Ulaya na Japani zina lingine. Hata ukikata plastiki ili ya Ulaya iingie, kuna chipu ya ulinzi ndani ya kaseti na nyingine ndani ya mashine; zisipotambuana, gemu halianzi. Za Kijapani zinakubali ukiondoa vile vizuizi viwili vya plastiki kwenye mdomo wa mashine, maana Japani na Marekani zinashiriki chipu moja.

Na kabla ya kuiwasha mzee, ifungue kwanza. Skrubu zake si za bisibisi ya kawaida, zina kichwa cha ajabu chenye meno. Zinahitaji bisibisi maalumu ya milimita 4.5, na zile za kaseti milimita 3.8. Bisibisi hizo zote mbili unaziagiza kwa pamoja. Mtaani watu wanayeyusha mkia wa kalamu ya Bic na kuubana juu ya skrubu mpaka upoe na kuchukua umbo lake. Inafanya kazi kama skrubu haijakazwa sana, ila plastiki inabaki ndani ya tundu, na anayefuata anateseka.

Kaseti zenye kuhifadhi mchezo zina betri ya CR2032 iliyolehemewa ndani. Ikiisha, gemu linacheza lakini halikumbuki ulipofika. Kubadilisha ni rahisi, ila ukishaing'oa, kilichohifadhiwa na watoto wako miaka ile kimepotea. Waulize kwanza.

Mwenye uzi

PlayStation ya kwanza. Ilitoka Japani Desemba 1994, Ulaya na Marekani 1995, na hapa kwetu ndiyo iliyovileta vibanda vya gemu mtaani kwa kishindo. Waliokua Eastlands wanaikumbuka ikiwa imepinduliwa kichwa chini juu ya TV, au imesimamishwa kwa ubavu, na ole wako uigonge na goti wakati mtu anakaribia kufunga bao.

Kupinduliwa huko hakukuwa uchawi. Modeli za mwanzo zilikuwa na kitoroli cha lenzi cha plastiki kinachoteleza juu ya reli ya plastiki, na zaidi ya hayo kilikaa karibu na pawasaplai, mahali penye joto. Plastiki inalika upande mmoja, lenzi inainama, haioni diski sawasawa. Ukiigeuza mashine, uzito wa lenzi unaangukia upande mwingine na inapata pembe yake tena. Sony walikuja kukihamisha kitoroli mbali na pawasaplai kwenye modeli za baadaye, na hizo ndizo ninazowashauri mtafute kama mnanunua.

Dawa yake: futa lenzi kwa kijiti cha pamba chenye isopropili, alkoholi ya kusafishia, ya asilimia 99, taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Usichukue ile ya kupaka vidonda yenye mafuta ndani. Wauzaji wa vifaa vya mafundi simu Luthuli Avenue wanayo. Ondoa grisi ya zamani iliyogeuka gundi, paka nyeupe mpya kidogo kwenye reli na gia. Isiposoma, badilisha kitoroli chote, jina lake ni KSM-440, bado kinatengenezwa na kuuzwa. Kuna mafundi watakaokimbilia kile kikinza kidogo cha kuzungusha kwenye lenzi, ili kuongeza nguvu ya mwanga. Diski itasoma leo, na lenzi itakufa mapema. Mimi sikigusi kabisa mpaka nimesafisha na kuhakikisha reli ni nzima.

Mende. Lazima niseme kuhusu mende kwa kirefu kidogo, kwa sababu video za mafundi wa Ulaya hazitakuambia. Mashine iliyowaka usiku ina joto na giza, mende wanahamia ndani na kuzaa. Kinyesi chao kinashika unyevu, na unyevu pamoja na stima juu ya bodi unakula njia za shaba. Mashine yoyote inayotoka kibandani naifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na dawa ya chambo kabla haijaingia ndani ya nyumba. Usipulizie dawa ya maji maji ndani ya bodi. Wakishakufa, fungua, ondoa kwa brashi laini, kisha osha bodi kwa isopropili na uiache ikauke kabisa. Pawasaplai ifunguliwe pia, maana ndiyo nyumba yao pendwa. Angalizo: kapasita kubwa ya pawasaplai inashikilia stima hata baada ya kuchomoa waya. Iache ipumzike, kisha pima kwa multimita kabla ya kuingiza kidole.

Kwa kusafisha bodi tafadhali msitumie petroli wala tina, ile ya kuyeyushia rangi. Tina inayeyusha ganda la plastiki mbele ya macho yako.

Dada wa Kasarani

Kaka, kijana wangu ana PS2 nyembamba aliyopewa na mjomba wake. TV yetu mpya haina yale matundu matatu ya rangi. Nimeuziwa kitu kidogo cha kuchomeka nyuma kikageuze kuwa HDMI lakini rangi zimechafuka. Nimerudisha mara ya kwanza wakanipa kingine, ni vilevile.

Mwenye uzi

Dada, hicho kifaa huenda ni kizima. Vile vidogo vya PS2 vinachukua picha ya komponenti, njia moja ya kupeleka rangi kwenye TV, na mashine nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa RGB, njia nyingine. Chomoa hicho kifaa, tumia waya wa kawaida wa rangi tatu kwenye TV ya zamani ya jirani, washa mashine bila diski, ingia kwenye mipangilio ya mfumo, tafuta sehemu ya komponenti, badilisha kutoka RGB kwenda Y Cb/Pb Cr/Pr. Mashine inakumbuka. Ukirudisha HDMI rangi zitakaa sawa. Kisha kwenye TV yenyewe washa hali ya gemu kama ipo, la sivyo atabonyeza sasa na mchezaji aupige mpira baadaye kidogo, atadhani pedi imeharibika.

Na hiyo PS2 mwache aicheze. Hiyo ndiyo mashine iliyouzwa kuliko zote, zaidi ya milioni 155, na ilitengenezwa tangu 2000 mpaka mwanzoni mwa 2013. Gemu za kandanda ziliendelea kutolewa kwake hata baada ya hapo: FIFA 14 na PES 2014 zote zilitoka kwa PS2 mwaka 2013. Kwa mtaani ndiyo yenye vipuri vingi, na fundi yeyote wa gemu anaijua kwa kupapasa.

Nikiwa hapo hapo kwa PS2: lenzi yake ikichoka, si lazima uitafutie nyingine. Kuna memori kadi iliyowekwa programu ya Free McBoot, ambayo inaiwezesha mashine kuanzisha programu nyingine, mojawapo ikiwa Open PS2 Loader inayosoma gemu kutoka kwa flashi. Unanakili diski zako mwenyewe kwenye flashi, lenzi inapumzika. Ubaya ni kwamba USB ya PS2 ni ya kizazi cha zamani, 1.1, ina mwendo wa polepole, kwa hiyo filamu za katikati ya gemu zinakwamakwama. PS2 nene ni tamu zaidi kwa hilo kwa sababu ina nafasi ya diski ngumu nyuma, ukiwa na ile adapta yake ya mtandao. Na modeli za mwisho kabisa za nyembamba, zile za SCPH-9000x zenye BIOS (programu ya ndani ya kuiwasha mashine) 2.30, hazikubali Free McBoot. Zina njia nyingine ya kutumia diski ya DVD iliyoandaliwa, FreeDVDBoot, iliyotoka 2020. Angalia namba chini kabla ya kununua memori kadi.

Fundi wa Ngara

Mwenye uzi unaeleza vizuri, lakini tuambie kuhusu Xbox 360. Mimi nazipiga blowa kwenye chipu kubwa na zile taa nyekundu za hitilafu zinaondoka. Wateja wanafurahi. Mbona kuna watu wanasema huo ni uongo?

Mwenye uzi

Fundi wangu, si uongo, ila haikai, na mteja anastahili kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Kwa miaka mingi tuliamini kwamba zile punje ndogo za risasi ya kulehemu zinazoshika chipu na bodi ndizo zinazopasuka, na kwamba joto la blowa linaziunganisha tena. Microsoft wenyewe, Julai 2007, walirefusha dhamana ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kulishughulikia. Baadaye, 2021, wahandisi waliohusika walieleza hadharani kwamba nyufa zilikuwa ndani ya vipande vyenyewe, si pale chini vinapokaa kwenye bodi. Chipu ya picha ni kipande cha silikoni kilichoshikwa juu ya kibao chake kwa vinundu vidogo sana vya risasi. Ukiwasha inapata moto, ukizima inapoa, kila mara vinatanuka na kusinyaa, mwisho vinapasuka. Blowa yako inavisukuma vinagusana kwa muda. Ukizima na kuwasha mara kadhaa vinaachana tena. Hata kung'oa chipu ile ile na kuiwekea risasi mpya chini hakugusi ufa uliomo ndani yake. Ndiyo maana mteja anarudi.

Kinachotibu ni kubadilisha chipu yenyewe kwa ya toleo la baadaye, kazi ya mashine maalumu na mkono uliozoea. Kwa thamani ya 360 leo sioni faida. Mimi ninachofanya: zile nene za mwanzo nazing'oa vipuri, kisoma diski, feni, pawasaplai, ganda, na bodi inakwenda kwenye taka za elektroniki. Zile za mwishoni mwa 2008 kwenda mbele, bodi inayoitwa Jasper, zina nafuu kubwa. Na zile nyembamba za 2010 nawapa watu bila wasiwasi baada ya kupaka gundi mpya ya kupitisha joto.

Kuzifunika kwa taulo zipate moto, ile mbinu ya mtandaoni, msiifanye kamwe. Ni kuziua na kuhatarisha nyumba.

Fundi wa Ngara

Nimekuelewa. Nitaanza kuwaambia. Na Xbox ya kwanza? Ninazo mbili zinajiwasha zenyewe.

Mwenye uzi

Zifungue leo hii, usingoje. Kuna kapasita moja ya saa, ya duara, inashikilia saa ya mashine ukichomoa waya. Kwenye matoleo yote isipokuwa la mwisho, 1.6, hiyo kapasita inavuja, na maji yake yanakula njia nyembamba za shaba zinazopita chini yake. Moja ya dalili ni hiyo ya kujiwasha au kujizima. Ing'oe, safisha kwa isopropili na brashi mpaka bodi ing'ae, fuata njia moja moja kwa multimita, iliyokatika iunganishe kwa waya mwembamba. Huhitaji kurudisha nyingine. Mashine inacheza vizuri bila hiyo. Itauliza tu saa kila ukichomoa waya. Bisibisi zake ni za nyota, T10 na T20.

Hii ndiyo mashine inayothibitisha hoja yangu kuliko zote. Inavuja ikiwa kabatini, kimya. Mtu aliyeifungua na kuitazama anaiokoa kwa dakika chache, na anayeiacha kwenye kasha lake la asili akisubiri bei ipande anakuja kuuza bodi iliyoliwa.

Kijana wa Juja

Mkubwa, Super Nintendo yangu imekuwa njano kama meno ya mvuta sigara. Nimeona watu wanapaka ile krimu ya saluni na kuianika juani. Jua la Nairobi linatosha?

Mwenye uzi

Linatosha na kuzidi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na tuko karibu na ikweta, miale ya jua hapa ni mikali. Krimu hiyo ina haidrojeni peroksaidi, ile ya nguvu ya 40 ina asilimia 12, na ni miale pamoja na peroksaidi vinavyoondoa unjano. Unjano wenyewe unahusishwa na plastiki aina ya ABS na kemikali za bromini zilizowekwa ili isishike moto.

Ila mimi sifanyi. Krimu ikikauka sehemu moja inaacha mabaka ambayo hayatoki tena, na unjano mara nyingi hurudi hata ukiiweka gizani. Inaunguza ngozi na macho pia. Mashine yako inacheza? Basi iache na umri wake. Kama lazima ufanye, vua ganda lote mpaka libaki plastiki tupu, vaa glavu na miwani, funika kwa nailoni ya jikoni isikauke, igeuze kila mara.

Tumia muda huo kusafisha kaseti. Fungua, paka isopropili kwenye zile meno za shaba, futa mpaka kijiti kitoke cheupe. Na acheni kupuliza kwa mdomo. Sote tulikuwa tunapuliza, na gemu lilikuwa linaanza kwa sababu ya kuitoa na kuiingiza upya. Pumzi inaleta unyevu, unyevu unaleta kutu.

Mwalimu wa Kariobangi

Ndugu, tuna kituo cha watoto wa shule hapa, wanakuja jioni wakisubiri wazazi. Tunaweza kupata mbili tatu? Hatuna bajeti kubwa. Pia tuna TV kubwa ya kichogo iliyokufa, hatujui tuitupe wapi.

Mwenye uzi

Mwalimu, kwako hazina bei. Nimekutengea PS2 mbili nyembamba na pedi nne, na Mega Drive moja yenye kaseti zake na adapta yake niliyoiandika jina kwa rangi ili isichanganywe na nyingine. Mega Drive nimeichagua makusudi: haina lenzi, haina diski, hakuna kinachozunguka. Mtoto akiidondosha unaokota na kuendelea. Weka TV gadi kwenye ekstensheni; stima ya upande huo nimeiona ikirudi kwa kishindo baada ya kupotea, na pawasaplai za zamani hazipendi hivyo. Watoto wasipite juu ya nyaya za pedi. Wakimaliza wachomoe ukutani.

TV iliyokufa msiifungue. Bomba lake linashika volti nyingi sana hata likiwa limechomolewa, na kioo chake kina risasi, ile ya sumu, kilo kadhaa kwenye TV kubwa. Msimpe anayekusanya vyuma, kwa sababu atakivunja kioo apate shaba, na nyaya atazichoma pale dampo la Dandora, moshi wake ukirudi kwa watoto wale wale. Kuna kituo cha WEEE Centre, Utawala, wanapokea na kuvunja taka za elektroniki kwa utaratibu. Mabaki yangu yote, bodi za 360, adapta zilizoungua, betri zilizovuja, nyaya zilizokatika, yanakwenda huko. Tukikodi pikapu tutabeba na TV yako.

Ila kama una TV nyingine ya kichogo inayofanya kazi, usiitoe kabisa. Bunduki za gemu za zamani, zile za kulenga bata, zinategemea jinsi picha inavyochorwa kwenye kioo cha bomba. Kwenye TV bapa hazioni kitu.

Kijana wa Juja

Na sisi tunaolipa? Unauza vipi?

Mwenye uzi

Kila mashine ina karatasi niliyoibandika chini: ilikuwa na kasoro gani, nimebadilisha nini, nini bado kina udhaifu. PlayStation moja inasoma diski za asili tu na inakataa za kunakili, imeandikwa. Dreamcast ilikuwa inajizima na kuanza upya katikati ya gemu. Tatizo lilikuwa zile pini za pawasaplai zinazosimama juu ya bodi, zilikuwa chafu, nimezisafisha, imeandikwa. Hiyo Dreamcast ni ya wale wanaopenda kitu cha kipekee. Sega waliitoa Japani 1998 na kuacha kuitengeneza 2001, ikawa mashine yao ya mwisho.

Sharti langu ni mashine moja kwa mtu mmoja. Waliotuma ujumbe wakitaka kuchukua zote kwa pamoja, nawashukuru, lakini hapana. Sitaki zihame kutoka kabati langu kwenda kabati la mwingine. Njoo na nafasi kidogo kwenye begi, nitaiwasha mbele yako, ucheze, uridhike, ndipo ulipe.

Game Boy na nyingine za mkononi zilizovuja betri: zile za alkalaini nimezifuta kwa siki kidogo kwanza, maana uchafu wake ni wa alkali, kisha isopropili. Vituo vilivyolika kabisa nimebadilisha. Ukiipata, toa betri kila ukimaliza kucheza.

Game Gear zimenitoa jasho. Kapasita zake ndogo zinavuja karibu zote, sauti inafifia, kioo kinakuwa hafifu, na ukiziwekea moto wa kulehemu zinatoa harufu ya samaki. Moja nimeimaliza, imeshapata mwenyewe Rongai. Ya pili kapasita nimeshaziondoa na bodi ni safi; nasubiri mpya zifike. Zikifika nitaandika hapa kama sauti imerudi, na aliye wa kwanza kwenye orodha yake ni wewe, Mzee wa Buruburu, kama bado unaitaka kwa mjukuu.

Mzee wa Buruburu

Naitaka. Na Super Nintendo nimeifungua, ndani ni safi, hakuna kijani. Nimempigia simu binti yangu kuhusu betri ya kaseti. Amesema niisubiri Desemba akija, anataka kuona alipofika kwanza.